Joto la Ubavu wa Kushoto

Wateja walimpa jina la Bi Unyoya, naye hakulikataa. Jina lilitoka mkononi mwake. Mtu akilala kwenye kitanda chake kwa mara ya kwanza, tumbo limemvimba na mbavu zimepakwa rangi zote za kuumia, hufumba macho na kuuma meno akingojea kufinyangwa. Badala yake husikia kitu kinampita juu ya ngozi, polepole, chepesi, mpaka anafumbua jicho moja na kuuliza, "Mama, bado hujaanza?"

"Nimeanza zamani," hujibu Bi Unyoya. "Au ulitaka nikupige kama ovaroli la fundi gereji?"

Kazi yake ilikuwa kuwakanda watu waliotoka kupasuliwa kwa ajili ya urembo: waliofyonzwa mafuta ya tumbo, waliopunguzwa mapaja, walioinuliwa kifua. Baada ya kisu mwili hununa. Maji ya limfu, yale yanayopita chini ya ngozi kimya kimya, hukosa njia yakatuama. Mkandaji ndiye anayeyaonyesha pa kupita. Kwanza hufungua shingoni, juu ya mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, kisha kwapani, kisha penye mikunjo ya mapaja, ndipo anaporudi tumboni na kuyaswaga kidogo kidogo, kama mtu anayerudisha vifaranga bandani bila kutaka wakimbie. Kazi hiyo aliijulia hospitalini, alikokanda kwa miaka ishirini na mmoja mikono iliyovimba ya wanawake waliokatwa ziwa. Alipostaafu alipanga chumba ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia, akanunua kitanda na mataulo, akamwita wifi yake aje wasaidiane.

Alikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, bila barua ya daktari aliyepasua, hamgusi mtu, hata awe ndugu wa tumbo moja. La pili, penye joto mkono hauendi. Joto la mahali pamoja maana yake huenda ndani pameoza, na ukipaswaga pale unausukuma uozo mwili mzima. Hilo alilijua vizuri kuliko jina lake.

Tena alikuwa na mtindo wake mmoja ambao hata daktari asingemfundisha. Mtu aliyetoka kupasuliwa hukaza tumbo kwa woga, na tumbo lililokazwa halipitishi kitu. Bi Unyoya aligundua kwamba mtu akitegewa kitendawili husahau kukaza. Basi kila mteja alipewa kimoja cha kwenda nacho nyumbani, na jibu hulileta siku nyingine. Akishindwa, hutoa mji. Wifi alipenda kusema kwamba Bi Unyoya ana miji mingi kuliko serikali.

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikaa mezani nje ya mlango. Alipokea simu, aliandika zamu, alifua mataulo, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupeleleza.

Sasa, Jumatatu moja alikuja mwanamke aliyejifunika hasa. Miwani myeusi mikubwa, kitambaa puani na mdomoni, mtandio hadi kwenye nyusi. Hakuwa wa kwanza. Nusu ya wateja walikuja hivyo, kama wanakwenda kuvunja benki, kwa sababu majirani waliambiwa ni safari na kazini waliambiwa ni malaria. Bi Unyoya hakuwa na haja ya uso. Alipokuwa akinawa mikono mteja alilala mwenyewe na kujifunika taulo machoni, na kwenye kadi Wifi aliandika jina alilolibuni papo hapo: Bi Miwani.

Barua ilikuwa safi, ina muhuri. Amefyonzwa mafuta ya tumbo na mbavu siku nane zilizopita, anaruhusiwa kukandwa mara kumi. Bi Unyoya alimfungulia nguo ya kubana, akampima kiuno penye kitovu kwa utepe wa fundi cherehani: sentimita tisini na mbili. Akaandika. Ngozi ilikuwa baridi kama inavyotakiwa.

"Kitendawili," akasema, akianza shingoni.

"Tega," akajibu Bi Miwani kwa mnong'ono.

"Mchana kutwa nambeba, usiku ananingojea chini."

Bi Miwani akacheka kidogo, akashika tumbo. "Aa, mama, usinichekeshe, panauma. Nitakuletea jibu kesho."

Na kesho yake alilileta kabla hajalala. "Viatu!"

"Viatu hunibeba mimi, mwanangu. Fikiria nani anambeba nani."

"Sasa mama, umenionea. Chukua mji."

"Nimechukua. Ni miwani. Kutwa iko puani kwako, usiku iko chini ya kitanda." Wakacheka wote wawili, na utepe ukasema tisini na moja. Kazi ilikuwa inakwenda. Alipoondoka alipewa kingine: mgeni anayeingia nyumbani bila kubisha na kulala juu ya kila kitu.

Alhamisi ndipo wasiwasi ulipopiga hodi.

Bi Miwani aliingia na miwani yake, kitambaa chake, mtandio wake. Akalala, akajifunika taulo. Bi Unyoya akapitisha utepe, akasoma, akautoa, akaupitisha tena. Tisini na sita.

"Umelala bila nguo ya kubana, mwanangu?"

"Hapana."

"Umekula chumvi nyingi?"

"Hapana, mama."

Sauti ilikuwa ile ile, ila fupi. Bi Unyoya aliweka viganja juu ya mtulinga na mara ile ile vikamwambia kitu ambacho kichwa kilikataa. Mwili una mwandiko wake. Kuna unaokaza bega la kulia, kuna unaopumulia kifuani, kuna unaojificha penye magoti. Huu haukuwa mwandiko wa juzi. Wa juzi ulipumua kwa tumbo baada ya dakika mbili. Huu ulipumua juu juu, kama wa mtu aliyejificha kabatini.

"Jibu langu liko wapi?"

"Jibu gani?"

"La kitendawili."

"Dawa zinanilevya, mama. Nimesahau."

Dawa hulevya kweli. Bi Unyoya akamtegea kingine, akamaliza kazi, akamsindikiza mlangoni. Kisha akauchukua utepe akapima mlango ambao vipimo vyake alivijua tangu siku ya kuleta kitanda. Mlango ulikuwa vile vile. Akatoka nje akamfunga Wifi kiunoni.

"We! Hizo ni siri za serikali!" Wifi akaruka. "Una nini leo?"

"Utepe hauna kosa," akasema Bi Unyoya peke yake.

"Utepe hauna, ila wewe una. Kuna mwanamke kule dukani anapapasa mapazia saa nzima, hanunui. Kijani, bluu, tena kijani. Ukitaka kushuku mtu, mshuku huyo. Mwizi kabisa yule."

Bi Unyoya hakumsikiliza. Alikuwa anaitazama kadi. Ile namba moja ya juzi, mbona imepinda kama saba? Wifi alikuwa na tabia ya kunakili kadi zilizochafuka mafuta.

"Wifi, hukugusa kadi hii?"

"Mimi? Kwani nina kichaa cha namba?" Wifi akavimbisha mashavu. "Kaka yangu alikuwa akiniambia, huyu mke wangu akipoteza sindano huanza kukagua mifuko yangu. Nikasema anatia chumvi. Kumbe!"

Wakanuniana mpaka saa ya chai.

Ijumaa utepe ukasema tisini. Bi Miwani alikuwa mchangamfu, tumbo lake linapumua, na kabla ya kuulizwa alisema, "Vumbi! Mgeni asiyebisha hodi ni vumbi, mama!"

"Ndiyo. Jana ulisema umesahau."

Bi Unyoya aliona kidevu, chini ya taulo, kikisita. "Lilinijia njiani," akasema Bi Miwani.

"Na kile cha jana?"

"Cha jana... hicho ndicho sijapata."

Ilikuwa inawezekana. Kila kitu kilikuwa kinawezekana, na hilo ndilo lililomkera. Mtu anaweza kuvimba leo akanywea kesho. Anaweza kuchangamka Ijumaa akanuna Alhamisi. Ukichukua kimoja kimoja, hakuna kesi. Ukivikusanya vyote, nywele zinasimama. Alianza hata kujishuku mwenyewe. Miaka sitini na minane si mchezo, labda mikono nayo huzeeka, labda siku moja mtu huamka viganja vyake havisemi kweli tena. Mkandaji ambaye mikono yake inamdanganya ana tofauti gani na dereva kipofu?

Jumatatu ikaja. Tisini na saba. Kifua kinapanda juu juu. Bi Unyoya akapitisha mgongo wa mkono wake ubavuni, kulia kwanza, halafu kushoto. Ubavu wa kushoto, chini kidogo ya mbavu za mwisho, palikuwa na joto. Si kali, ni joto la kikombe kilichotiwa chai robo saa iliyopita. Akarudisha mkono. Lipo.

Akaacha kazi. "Leo sikukandi."

"Kwa nini?" Bi Miwani akashtuka, mkono wake ukaenda kushika taulo lisianguke.

"Una homa?"

"Hapana. Kidogo. Usiku tu."

"Nenda kwa daktari wako leo hii. Mpe bahasha hii." Akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, herufi kubwa kubwa: *Ubavu wa kushoto una joto na unavimba. Naomba uangalie kabla sijaendelea.* Akaifunga kwa gundi, akaandika juu yake "Kwa Daktari". Bi Miwani aliishika kwa vidole viwili kama kitu chenye miiba.

Usingizi wa siku ile ulikuwa wa kuazima.

Jumanne Bi Miwani alipanda ngazi kwa kishindo, tena kwa hasira. Akaweka karatasi mezani. Wifi akaisoma kwanza, bila shaka, kisha akaipitisha kwa Bi Unyoya huku amebana midomo. Daktari aliandika mstari mmoja: *Nimemkagua mgonjwa mwenyewe. Hana joto wala uvimbe usio wa kawaida. Tafadhali kanda, usitibu.*

"Nimeaibika, mama," alisema Bi Miwani. "Nimekaa foleni asubuhi nzima, bahasha mkononi, sijui ndani mmeandikiana nini. Ananifungua, ananibonyeza, ananitazama kama ninajidai kuumwa. Ubavu una joto? Ubavu gani?"

Bi Unyoya akamlaza, akapitisha mgongo wa mkono ubavuni, kushoto. Baridi. Akapitisha tena. Baridi kama ukuta wa bafuni. Utepe: themanini na tisa.

Hapo ndipo alipoacha kujishuku. Viganja vinaweza kudanganya, macho yanaweza kudanganya, lakini joto haliondoki kwa siku moja likachukua na sentimita nane. Basi kama ubavu huu ni mzima, ule wa jana ni wa nani? Na uko wapi sasa hivi, ukipata moto chini ya nguo ya kubana, bila mtu wa kuuangalia?

Angeweza kuvuta taulo aone uso. Lakini akiona uso wa leo angelinganisha na upi? Na akimuuliza waziwazi, akakana, hatarudi tena, na yule wa jana atapotelea huko huko na joto lake. Akaanza shingoni kama kawaida.

"Usikasirike, mwanangu. Leo nakupa kitendawili cha zawadi, nakupa na jibu lake kabisa. Ndugu wawili wanasafiri pamoja maisha yao yote. Mmoja akitangulia, mwenzake anabaki nyuma. Ni miguu."

"Sasa ukinipa na jibu, mimi nifanye nini?"

"Wewe kalale tu."

Bi Miwani akacheka, hasira ikampungua. Alipotoka, Bi Unyoya alimwita Wifi ndani akafunga mlango.

"Wifi, nisamehe habari ya kadi."

"Nimeshasahau," akasema Wifi, ambaye hakuwa amesahau hata herufi moja. "Kuna nini?"

"Yule wa mapazia. Huja siku zipi?"

Wifi akahesabu vidole. Alhamisi alikuwepo. Jana Jumatatu alikuwepo. Ijumaa hakumwona, na leo pia hakumwona. Kidole chake kikabaki hewani. Wifi alikuwa na ulimi mwepesi, lakini kichwa chake hakikuwa kizito pia.

"Usiniambie," akanong'ona.

"Bado sisemi kitu. Kesho akija mteja, wewe shuka ukasimame dukani. Nikikuita dirishani, mlete."

Jumatano Bi Miwani alipanda ngazi taratibu sana, akishika ukuta. Alipovua viatu aliyumba. Kitambaa cha puani kilikuwa kimelowa jasho. Alijilaza kwa upande kwanza, kama anayeshusha mzigo wa mayai, akajifunika taulo machoni.

"Daktari amesema hakuna kitu, mama," akawahi kusema. "Amesema unikande tu."

"Nimeisoma barua yake." Bi Unyoya hakugusa utepe. Alisimama na mikono yake nyuma. "Haya, kile kitendawili cha jana, cha ndugu wawili. Unakumbuka?"

Cherehani ya dukani ilisikika chini, ikakimbia, ikasimama.

"Nimekifikiria usiku kucha, mama," akasema yule mwanamke kwa sauti ya kuchoka. "Sijapata. Chukua mji."

Bi Unyoya akasogea karibu na kitanda. Kumbe mtu akikamatwa, hata wewe uliyemtega moyo hukuuma.

"Mwanangu," akasema, "jana sikukutega. Niliyekuwa naye jana nilimpa na jibu lake. Wewe ni nani?"

Taulo halikusogea. Mikono iliyokuwa kando ya mwili ikajikunja polepole.

"Ni mimi, mama. Bi Miwani."

"Jina hilo tumekupa sisi. Sikuulizi jina. Nauliza huu mwili ni wa nani, maana barua niliyo nayo si yake."

"Daktari amenikagua..."

"Alikukagua wewe?"

Bi Unyoya akapeleka mgongo wa mkono kwenye ubavu wa kushoto bila kugusa, juu tu ya ngozi, na joto likampokea kabla hajafika. Ngozi ilikuwa inang'aa kama iliyopakwa mafuta, nyekundu kwa chini, na kulikuwa na harufu ambayo mtu aliyefanya kazi hospitalini haisahau. Akakimbilia dirishani.

"Wifi! Mlete!"

Hazikupita dakika mbili ngazi zikalia. Wifi aliingia amemshika mkono mwanamke mwenye mtandio lakini bila miwani wala kitambaa. Bi Unyoya alimtambua kwa namna alivyopumua, kwa tumbo. Miwani ilikuwa moja, barua moja, na leo vyote vilikuwa zamu ya mwingine.

"Mama, samahani," dada mtu akaanza, "nilitaka kukueleza, ni mdogo wangu, yeye hana barua..."

"Utanieleza baadaye. Njoo ushike hapa. Kwa mgongo wa mkono."

Dada akashika ubavu wa mdogo wake. Akauondoa mkono kama aliyeungua.

"Mbona hivi? Mbona hukuniambia?"

"Si ulisema daktari amesema hakuna kitu!" Mdogo akaketi ghafla, taulo likamwanguka, na sura yake ikaonekana kwa mara ya kwanza, ya kitoto kuliko mwili wake, macho yamezama. "Ulirudi ukaniambia, amesema mzima, endelea kukandwa. Nikalala nimetulia!"

"Aliniangalia mimi!"

"Bahasha ilikuwa yangu!"

"Hukusema ni yako! Ulinipa ukasema, mpe daktari wako. Nikadhani ni mambo yangu!"

"Sasa ningeenda mimi kwa daktari wako nikamwambie nini? Kwamba nimetoka wapi?"

Wakatazamana. Wifi, ambaye kwa kawaida angelipa nauli kusikia ugomvi kama huo, aliinamisha kichwa.

Habari ikatoka vipande vipande wakati Bi Unyoya anamvisha mgonjwa. Dada alipofyonzwa mafuta kwa daktari wa haki, mdogo naye alitamani. Alimpata mama mmoja anayefanyia kazi hiyo chumbani kwake, mwenye ahadi tamu na mashine ya kuazima. Alipoanza kuvimba yule mama akazima simu. Mume wake aliambiwa yuko kwenye mafunzo ya kazi. Na kwa kuwa Bi Unyoya hagusi mtu bila barua, dada akamwazima yake. Wanafanana kwa sauti na kwa umbo, uso haukaguliwi, nani atajua?

"Hospitali siendi," mdogo alisema, meno yakigongana kwa baridi ndani ya chumba chenye joto. "Wataniuliza nani alinifanyia. Mume wangu atajua. Mama, wewe nikande tu leo. Nikande, nitapona."

"Mwanangu, nikikukanda leo nitakuwa nakuua kwa mkono laini."

"Wewe nawe ulishanikanda Alhamisi!"

Neno hilo lilimpata Bi Unyoya penyewe. Alijua. Alhamisi aliuweka mkono wake juu ya mwili huu saa nzima, viganja vikimwambia si yule, naye akaenda kupima mlango. Labda siku ile uozo ulikuwa umeshaanza ndani, bila joto bado, na yeye ndiye aliyeuonyesha njia. Hakuna wa kumwambia kama ndivyo au sivyo. Aliketi mezani, akachukua karatasi, akaandika kwa herufi zake kubwa: *Huyu si mgonjwa wa barua ile. Amefyonzwa mafuta nyumbani kwa mtu, siku hazijulikani. Ubavu wa kushoto una joto kali na harufu, ana homa na kizunguzungu. Nilimkanda Alhamisi kabla sijajua ni mwingine. Kosa hilo ni langu.* Akasaini.

Safari hii hakuifunga bahasha. Akampa dada mtu. "Soma. Soma kwa sauti, asije mtu akadhani ni ya mwingine."

Dada alisoma. Alipofika penye "kosa hilo ni langu," akayasoma maneno hayo mara mbili. Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaacha kubisha. Labda alichoka, au labda ni kuona mtu mzima amejiandika makosa kwa mkono wake mwenyewe. Wifi alikuwa ameshasimamisha teksi.

Walimteremsha watatu, hatua moja moja, kupita kwenye mapazia ya kijani na bluu. Mshonaji aliinua macho kutoka kwenye cherehani akamwangalia dada mtu.

"Leo nayo hununui?" akauliza.

Wifi akafungua mlango wa teksi.

Alilazwa siku kumi na mbili. Alifunguliwa ubavu, ukatolewa usaha, akaoshwa, akafunguliwa tena. Siku ya tatu Bi Unyoya alikwenda wodini na taulo safi na chupa ya maji, akakaa kwenye kiti cha wageni. Siku ya tano alimkuta mume wa mgonjwa, mtu mfupi mwenye kofia mapajani, ameketi kitandani kwa upande akimpepea mkewe kwa gazeti. Hakuonekana amesamehe. Lakini alikuwa anapepea. Yule daktari wa kwanza, wa dada, hakuandika tena mstari wowote, wa kushukuru wala wa kuomba radhi. Karatasi yake ya "kanda, usitibu" Wifi aliibandika juu ya meza akakataa kuibandua.

Masharti yakawa matatu. Sasa mteja akiingia, kabla ya kulala, hutoa miwani. Wengine walilalamika, wawili wakaondoka kabisa. Bi Unyoya hakujali. Aliwatazama usoni mmoja mmoja, kwa makini, kama anayetafuta kitu alichowahi kukipoteza, na bado kila alipoweka viganja juu ya mtulinga alijiuliza mara ya pili: ni huyu kweli?

Miezi miwili ilipita. Asubuhi moja Wifi aliingiza kichwa mlangoni, macho yamemtoka.

"Kuna mtu. Ana barua yake. Nimeisoma mara tatu."

Mdogo mtu aliingia uso mtupu. Alikuwa amekonda, na alitembea ameegemea upande wa kushoto kidogo, kama anayesikiliza kitu ubavuni. Barua ilikuwa ya hospitali, yenye jina lake na muhuri: kovu limekaza, maji yanatuama juu yake, anaruhusiwa kukandwa.

Bi Unyoya aliisoma hadi mwisho, akaigeuza akasoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu. Kisha akamtazama usoni. Akamlaza. Akapitisha mgongo wa mkono kulia, halafu kushoto, juu ya lile kovu pana lililokunjamana. Akapitisha tena. Baridi.

"Unaniogopa, mama?" yule binti akauliza, akitazama dari.

"Naogopa mikono yangu."

"Mimi naiamini."

"Usiiamini sana. Ukisikia chochote, sema. Hata ukidhani ni upuuzi." Akaweka viganja juu ya mtulinga. Kifua kilipanda juu juu, kwa woga, kama siku ile. "Kitendawili."

"Kwanza nikupe jibu la kile cha ndugu wawili," binti akasema. "Ni mimi na dada."

"Umekosa. Nipe mji."

"Mama! Hata hicho hunipi?"

"Sikupi. Jibu ni miguu, dada yako analijua."

Binti akacheka, na alipocheka akasahau kukaza tumbo. Bi Unyoya alilihisi likilegea chini ya vidole vyake, pumzi ikashuka mpaka chini, ikarudi. Akaanza shingoni.